Sufuria ya Utomvu ya Bwana Madi

Simu ililia Huwaida akikoroga utomvu wa msonobari motoni, uani kwao Kipungani. Aliyepiga ni Shuaib, mwenyeji wa baba yake kule Pate.

"Bi Huwaida, kaza moyo. Baba ametangulia alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunamzika baada ya Alasiri."

Akaganda, simu sikioni, mwiko mkononi. Alipoikumbuka sufuria, moshi mweusi ulikuwa umeshabisha hodi kwa jirani.

Bwana Madi angekuwa na la kusema juu ya msiba unaoanza kwa kuunguza sufuria. Maisha yake yote alikuwa kalafati, akiziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba na utomvu uliopikwa na mafuta ya nazi. Binadamu nao aliwapima kwa sufuria hiyo hiyo. Khatibu akirefusha hotuba, Madi alikuwa akisema huyo kapita moto, hashiki tena. Alikwenda Pate kuziba mashua za watu, na yake akaiacha pwani na ufa ubavuni. Fundi mwenye adabu hajipendelei.

Sasa mashua hiyo ndiyo pekee iliyobaki kijijini. Nyingine zote zilikuwa zimepeleka watu harusini Kiunga. Isipozibwa, Huwaida hatauona tena uso wa baba yake.

Ami Hamdu, mdogo wa marehemu, akaja kusaidia. Alikuwa bingwa wa ukalafati asiye na mfano: hakuwahi kuziba hata ndoo, kwa hiyo hakuwahi kukosea.

"Utomvu si huo hapo? Pakeni, tushike ndia!"

"Umeungua, Ami. Hautashika."

"Mweusi ndio mkali. Lami si nyeusi?"

Huwaida akachovya kijiti, akakipoza majini, akampa. Kikamteleza vidoleni kwa mafuta.

"Mkali kweli, Ami."

Sekondari Huwaida alikuwa amesoma sababu yake. Utomvu una asidi. Moto wa wastani huzibadilisha: chembe hujipanga upya ndani, baadhi huzipa nyingine haidrojeni, na hewa haiziharibu tena upesi. Ukipoa, huganda na kung'ang'ania mbao. Moto ukizidi, asidi hutoa kaboni dioksidi, na kinachobaki ni mafuta yasiyoshika kitu. Siku alipomweleza baba yake hayo, Madi alimshukuru Mungu kwamba serikali imemfundisha bintiye miaka minne asiunguze chakula.

Huwaida akabandika sufuria ya pili, moto mdogo. Ami akalizunguka jiko, akalitazama jua kama aliyelikodi. Huwaida alipoinama kuchukua pamba, Ami akasukumia makuti makavu chini ya sufuria.

"Ami, toa hayo makuti."

"Ndugu yangu azikwa, nawe wapika halua!"

"Halua ya haraka utaila peke yako, na baba tutamwona akhera."

Akayatoa, akimlaani shetani aliyeyatia. Huwaida aliendelea kukoroga, machozi yakimchuruzika, hadi tone alilolidondoshea majini lilipoganda na kuvunjika kwa mlio. Akajaza pamba kwenye ufa, akapaka utomvu. Ulipopoa, majirani wakasaidia kuishua mashua. Ami alikaa karibu na ufa na kopo la kuchotea maji, akiungojea umwaibishe mtu. Ufa ukamnyima kazi mpaka Mtangawanda, bandari ya Pate.

Walifika kwa Shuaib Alasiri ikiadhiniwa. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa. Shuaib akafunua uso, akatoka nje. Huwaida akambusu baba yake kwenye paji la uso, akamwomba radhi, akamsomea Fatiha. Kisha wanaume wakamfunika, wakamtia jenezani, wakampeleka msikitini kumswalia. Makaburini Ami Hamdu ndiye aliyeshuka kumpokea. Huwaida alibaki nyumbani na wanawake, wakasoma Yasini mpaka wanaume waliporudi.