Mwanafunzi wa Kutwa

Shemeji yangu ni fundi wa kung'arisha samani, na karakana nzima inamwita Msasa. Jina hilo alilipata kwa sababu mbili. Kwanza, ubao ukishapita mikononi mwake hutaona mkwaruzo hata ukiutafuta kwa tochi. Pili, akikasirika maneno yake yanachubua. Mimi ni msusi, naishi kwake kwa sababu mkewe ni dada yangu wa tumbo moja, na ulimi wangu nao haujawahi kupakwa mafuta. Ndiyo maana mimi na Msasa tulipatana tangu siku ile alipokuja kuposa.

Kazi yake haiendi bila spiriti. Ile vanishi ya kizamani, vipande vyenye rangi ya asali, huyeyushwa ndani ya spiriti, kisha fundi anaichovya kwa kitambaa kilichofungwa donge na kuisugua juu ya mbao kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, mpaka kabati ling'ae ujione uso. Harufu yake na harufu ya pombe kali ni pacha. Hapo ndipo Msasa alipopata kichaka cha kujifichia. Alipomzika mama yake alianza kupiga maji, kidogo kidogo mwanzoni, baadaye si kidogo tena. Dada akimuuliza mbona ananuka, alimjibu bila kupepesa macho, "Ni kazi, mama watoto." Akija anayumba, ni kazi. Akilala na viatu, ni kazi. Tulilimeza neno hilo kwa miaka mpaka likatukaba kooni.

Lililomfichua ni ngazi. Aliteleza karakanani akavunjika mfupa wa bega, fundi mkuu wake akamkimbiza hospitali. Daktari alituita pembeni akasema bega litapona, lakini mtu wenu amelewa tangu asubuhi, tena ana huzuni ya muda mrefu ambayo hajawahi kumwambia mtu. Vyote viwili ni maradhi, akasema, na vyote vina tiba. Dada alilia pale pale kwenye korido. Mimi nilikasirika, nikamwambia daktari kwamba kama ni maradhi basi na sisi nyumbani yametulaza kitandani.

Alikaa wodini siku za mwanzo, zile za kutetemeka na kutoka jasho, kwa sababu kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kuua. Alipotulia, daktari alipendekeza aingie kwenye kituo cha kutwa. Mama yetu hakuelewa. Daktari akamwambia afikirie shule: kuna ya bweni na kuna ya kutwa. Huyu atakwenda asubuhi, atapewa dawa, atakaa kwenye vikao, atakula mchana, na jioni atarudi kwake.

"Mlevi wa kutwa!" Mama alisema. "Mfungieni mpaka ashike adabu. Njia nzima imejaa vilabu."

"Ndiyo sababu, mama," daktari alimjibu. "Akitoka bwenini vilabu atavikuta palepale. Nataka ajifunze kuvipita sasa, wakati kesho asubuhi ana watu wa kuwasimulia."

Dada alikubali kwa sharti moja, na alilitoa mbele yetu sote. "Siku utakayoingia nyumbani na harufu, mimi na watoto tunahamia kwa mama. Sitagomba wala sitauliza. Nitaondoka." Dada yangu anashona sare za shule, na mkasi wake ukishakata umekata. Msasa alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Basi shemeji akawa mwanafunzi. Kituo kilikuwa jengo dogo nyuma ya maabara ya hospitali, lenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara na dirisha moja lisilofunga vizuri. Aliketi hapo na dereva wa lori, na mwalimu mstaafu ambaye sonona, ile huzuni isiyoisha, ilikuwa imemfanya asahau kuoga. Walizungumza mpaka sauti zikakauka. Kabla ya kutoka, kila mmoja alieleza jioni yake ataipitishaje, kuanzia getini mpaka kitandani. Sista, yule muuguzi aliyesimamia kituo, hakukubali jibu la "nitaona huko mbele." Alitaka kujua utapita barabara ipi.

Mimi nilimtania kila jioni. "Mwanafunzi, umepewa kazi ya nyumbani?" Kumbe kweli alipewa! Mshauri wao aliwaagiza kila siku waseme nyumbani jambo moja la kweli ambalo hawakulazimishwa. Jioni ya kwanza alikiri kwamba alikuwa akificha chupa ndani ya sanduku la cherehani ya dada. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, halafu dada akaacha kucheka.

Kwa sababu harufu ndiyo ilikuwa hukumu, nyumba nzima iligeuka pua. Dada alimpokea mlangoni kwa karibu mno, akijifanya anamtoa uzi begani. Watoto hawakujifanya. Yule wa mwisho alimvuta shati na kumwambia, "Baba, nipulizie," naye akainama akampulizia usoni kama mtu anayelipa kiingilio. Hakuwahi kuchukia. Wiki zikapita, uso wake ukarudi kuwa na rangi, usingizi ukarudi, na nilianza kumsikia akipiga mluzi bafuni. Niliona wazi kwamba huyu anapona, na nikaanza kusema hivyo kwa wateja wangu bila kuulizwa.

Sasa, mtu wa kutwa hupunguziwa masomo kidogo kidogo. Asubuhi kituoni, mchana kazini, ili akikwama kazini aseme kesho yake. Msasa alipangiwa kuanza wiki iliyofuata, na mpango ulikuwa nyumbani tuambiwe mapema. Lakini kabla wiki hiyo haijafika, siku moja fundi mkuu alipata meza ya mteja iliyoharibiwa na wanafunzi wake wa kazi, akampigia simu Sista, wakakubaliana aende kwa majaribio mchana uleule. Alifanya kazi vizuri, fundi mkuu akiwa kando yake. Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni, akabadilisha shati, akaja nyumbani na furaha yake. Fundi wa vanishi haisikii spiriti. Pua yake iliizoea zamani, na yeye kwa akili yake alikuwa msafi.

Nilikuwa sebuleni nikimsuka mpwa wangu mkubwa. Msasa aliingia akipiga mluzi. Dada alimwendea, akanyoosha mkono kutoa ule uzi wake wa kila siku, na mkono ukabaki hewani. Hata mimi nilikokaa harufu ilinifikia.

Dada hakugomba. Aligeuka, akawaambia watoto, "Vaeni viatu."

"Mama watoto, ngoja," Msasa alisema. "Ni kazi."

Sijawahi kuona neno likimuumiza msemaji wake namna ile. Alilisikia mwenyewe. Maisha yake yote ya ulevi alilisema kwa uongo, na leo, siku ya kwanza ambayo lilikuwa kweli, halikuwa na thamani ya kununua hata dakika moja. Nilitegemea achubue, kama zamani. Nilikwisha kujiandaa na majibu yangu.

"Hapana," akasema taratibu. "Hilo neno nililiua mwenyewe, usiliamini. Nilikuwa karakanani, lakini hata hilo usiliamini. Twende kituoni sasa hivi, Sista hajafunga. Nikapimwe mbele yako. Ukiona nimekunywa, nitawasindikiza mwenyewe kwa mama."

Dada alimtazama, kisha akachukua mtandio wake. Watoto tuliwaacha kwa jirani, mpwa wangu akiwa na nusu ya kichwa imesukwa, na mimi nikafuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Njiani Msasa alitangulia. Alitembea upesi, karibu kukimbia, akageuka kutusubiri, akatangulia tena. Tulipita mbele ya kilabu chake cha zamani na mtu akamwita kwa jina, yeye hakugeuza shingo, alikuwa anaangalia kama geti la kituo bado liko wazi. Dada alikuwa amemkazia macho mgongoni. Mtu huyu kwa miaka alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asinuswe mdomo, na sasa alikuwa anatuharakisha kwenda kunuswa.

Sista alikuwa ameshika kufuli mkononi. Alisikiliza, akathibitisha ile habari ya karakana, akaomba radhi kwa kutotupigia simu. Mimi nilimwambia radhi yake ingetuvunjia nyumba, naye akakubali kwamba ni kweli. Kisha alimpa Msasa maji asukutue, akamkalisha kusubiri ili mvuke wa spiriti umwishe mdomoni, akaleta kile kifaa cha kupulizia.

"Subiri, Sista," dada alisema. Akamsogelea mumewe. Tangu alipotoka wodini alikuwa hajamuuliza swali hili hata mara moja. Alikuwa amenusa tu. "Umekunywa leo?"

"Sijanywa."

"Basi twende, watoto hawajala."

"Hamtaki kupima?" Sista aliuliza.

"Kesho atatoka tena kazini akinuka hivihivi," dada alisema. "Na keshokutwa. Siwezi kuja hapa kila siku kuuliza mashine. Nitamuuliza yeye."

"Mimi nataka," Msasa alisema. Alikwisha kukishika kifaa. "Nimekudanganya sana, mama watoto. Hili moja lione kwa macho yako."

Akapuliza kwa nguvu zote za kifua chake. Lakini dada alikuwa ameshatoka, amesimama getini, anamwita afanye haraka. Mimi niliangalia, sina haya. Ilikuwa sifuri. Dada hakuangalia, na mpaka leo hajawahi kuniuliza nilichoona.