Nakala ya Tarbaj

Duka la kompyuta la Kaaha pale Iftin, mjini Garissa, lilisifika kwa jambo moja: ukimwachia faili lako halipotei. Aliwaambia wateja kwamba mwenye kitu kimoja hana kitu, akawawekea nakala ya pili hata wasipoomba.

Basi hata sauti ya kaka yake aliihifadhi hivyo hivyo. Abdille alipigwa risasi kisimani karibu na Modogashe. Wachungaji waliomkuta walimrekodi kwa simu akiwataja waliompiga, kisha akakata roho. Walimletea Kaaha simu yenyewe. Kesi ilikuwa inakaribia, na shahidi mwingine hakuwepo.

Kaaha akaiingiza sauti kwenye kompyuta ya dukani, akaandika skripti ya rsync, programu ya kunakili mafaili, ya kupeleka nakala kwa binamu yake Ilwad, mwalimu huko Tarbaj. Aliipangia kwenye cron, ratiba ya kompyuta, iamke yenyewe kila Ijumaa katikati ya swala, maana saa hiyo mji mzima uko msikitini na mtandao hauna msongamano. Tena, kwa kuwa diski ya Ilwad ilikuwa ndogo, akatia neno --delete: kinachofutwa Garissa kifutwe na Tarbaj, takataka zisirundikane. Usafi mwingine ni upumbavu, lakini nani angemwambia?

Saa inayomfaa mwenye kazi humfaa na mwenye shari. Ijumaa ya kwanza nakala ilifika Tarbaj salama. Ijumaa iliyofuata, mtaa ukiwa mtupu, Barre aliingia na wenzake wawili, rungu mkononi. Kaaha alimjua, ndiye wa kwanza kutajwa na Abdille. Walifunga mlango, wakaiponda ile simu. Pigo lililofuata lilimvunja Kaaha mkono wa kushoto, mfupa ukaalika kama kuni kavu.

"Futa sauti ya ndugu yako," Barre alisema. "Huo mkono mwingine nimekuachia wa kufutia."

Alifuta. Alifuta bila ubishi, maana moyoni aliitegemea Tarbaj. Wakamfunga kwa waya kwenye nondo za dirisha, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika. Kisha khutba ikaisha kwenye vipaza sauti vya msikiti, ikakimiwa swala, na Kaaha akalikumbuka lile neno lake, --delete. Punde skripti ingeamka, ikute faili halipo, iende kulifuta na kule. Hapo aliogopa kuliko alivyoliogopa rungu.

"Mashine achaneni nayo," Barre aliwaambia wenzake. "Haina kosa. Twende."

Kaaha akacheka, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Barre, umekubali kudanganywa na mwanamke? Mimi nimefuta jina tu. Sauti bado iko ndani ya tumbo la hiyo mashine. Mkitoka tu naitoa, wallahi."

Barre aligeuka. Rungu liliishukia kompyuta tena na tena, mpaka matumbo yake yakamwagika sakafuni. Kisha likamrudia Kaaha: mkono wa kulia, halafu taya. Meno yalimtoka. Aliitazama taa ya mashine imezimika, akafurahi. Wallahi, alifurahi.

Hospitalini alilazwa mikono yote ikiwa na plasta, taya limefungwa kwa nyaya. Askari wa upelelezi, ambaye Kaaha alikwisha kumwambia kuhusu nakala ya Tarbaj kabla ya kuvamiwa, alimpigia Ilwad, akaweka simu kwenye spika, kifuani pa mgonjwa.

"Ipo, abaayo, dada yangu," Ilwad alisema. "Nakala ya ile Ijumaa ya kwanza, haijaguswa."

"Icheze," askari akamwambia.

Kando ya kitanda aliketi mama yao, Ramlo, akimnywesha maziwa kwa mrija. Yeye aliambiwa kuna sauti inayotaja majina, basi. Siku ya msiba Kaaha alimwapia kwamba Abdille aliyataja majina tu akakata roho mara moja, hakusikia uchungu. Sasa Kaaha alitikisa kichwa kwa nguvu, akajaribu kusema, nyaya zikamzuia. Mikono haikuifikia simu.

Abdille alimtaja Barre, akawataja wale wawili. Kisha kwa muda mrefu, akilia, alimwita mama yake.