Barua Kumi na Mbili za Kibanda Namba Saba

Siku aliyozaliwa alilia kwa nguvu hadi dereva wa lori lililoegeshwa nje ya zahanati akasogeza gari pembeni, akidhani kuna mwenzake anataka kupita. Tangu siku hiyo akaitwa Honi. Jina la cheti lipo, limetumika kwenye mitihani na pasipoti, lakini hata mama yake akitaka kulitaja huanza kwa kufikiri kidogo.

Honi ni kifungua mimba. Nyuma yake walifuatana watano kama mabehewa, na alipofikisha miaka ishirini na mmoja alikuwa ameshafuta kamasi nyingi na kuamua ugomvi mwingi kuliko refa yeyote mwenye filimbi. Kwa hiyo alipoona kwenye mtandao tangazo la kambi ya watoto ya kiangazi, nchi ya mbali, likitafuta walezi vijana, hakusita. Fomu iliuliza: "Una uzoefu gani na watoto?" Wengine walijaza kurasa kuhusu ndoto zao na vipaji vyao. Yeye aliandika: "Wadogo watano. Wote wako hai." Akapata kazi.

Mama yake, fundi cherehani, alimshonea suruali mbili zenye mifuko minane kila moja, kana kwamba binti anakwenda kuokota mawe. Majirani walikuja kumpongeza. Shangazi naye alikuja, ila yeye huwa hapongezi, hutoa hukumu.

"Atarudi," alisema, akijikalisha kwenye kiti cha wateja. "Mdomo ule tunauvumilia sisi kwa sababu ni damu yetu. Wageni watauvumilia wiki tatu. Baada ya hapo wanautia kwenye begi na kuurudisha kwa mwenyewe."

"Wifi, si umwombee mtoto mema!"

"Namwombea. Ndiyo maana nimesema tatu. Bila maombi ningesema moja."

Honi alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Kazi ilikuwa ya wiki nane. Akaapa kwamba hata wakimpa mswaki aoshee vyoo vyote vya kambi, wiki nane atazimaliza, ili mradi asirudi kabla ya siku na kumkuta shangazi mlangoni ameshika kiuno, hasemi kitu, anatabasamu tu.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda kumi vya mbao kando ya ziwa, bwalo moja, na kengele iliyopigwa kwa kila jambo isipokuwa kupumua. Honi alipewa kibanda namba saba: wasichana kumi na wawili wa miaka tisa, vitanda vya ghorofa, na kamba moja ya kuanikia nguo za kuogelea zisizokauka hata siku moja. Kila asubuhi aliwapaka mafuta ya kuzuia jua mmoja mmoja kama fundi anayepaka ukuta chokaa. Nusu ya mafuta yaliishia kwenye nywele zao, robo kwenye suruali yenye mifuko minane. Ilibidi kuimba kabla ya kula, kuimba baada ya kula, na kuimba wakati wa kusubiri zamu ya kuimba.

Mkuu wa yote hayo alikuwa Meneja, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na tabasamu lisilojua likizo. Mvua ikinyesha, alitabasamu. Mtoto akitapika, alitabasamu na kutafuta ndoo. "Hapa," alikuwa akisema, "kila mtu ana furaha." Alilisema hilo kama mtu anayesoma sharti la kuingilia.

Simu za walezi zilifungiwa ofisini, zikatolewa Jumapili tu kwa muda wa saa nzima. Honi alipompigia mama yake Jumapili ya kwanza, alisema: "Huku raha tupu, mama. Chakula kizuri, nimepata marafiki." Ukweli ni kwamba chakula hakikuwahi kukutana na chumvi, mbu wa ziwa walimfanya chakula chao, na marafiki wote walikuwa mpishi mmoja mzee, mgeni kama yeye, aliyekuwa akimfichia vipande vya mkate wa moto. Lakini mambo hayo utayasemaje kwa simu, na shangazi huenda amekaa palepale kwenye kiti cha wateja?

Sasa, katika wale kumi na wawili kulikuwa na msichana ambaye Honi, kimoyomoyo, alimwita Begi. Hakuwa mtundu. Hakuwa chochote. Kila asubuhi baada ya chai alikunja nguo zake zote, akazifunga begini, akaliburuta begi hadi getini na kulikalia. Kengele ya kuogelea ikilia, aliliburuta kurudi, akaogelea bila neno, kesho yake akaanza upya. Walezi wengine walisema atazoea.

Siku ya nane Honi alikwenda kukaa naye.

"Unamsubiri nani?"

"Baba. Alisema wiki moja."

Honi alikuwa ameiona fomu yake. Iliandikwa wiki nane, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri.

"Nyumbani kuna nani sasa hivi?"

"Mapacha," alisema Begi, kwa sauti ya mtu anayetaja kunguni. "Wana wiki tatu. Hawajui hata kukaa."

Honi alikuwa na miaka sita mama yake alipojifungua mtoto wa tatu, na yeye akapelekwa kwa shangazi "siku mbili tu." Siku mbili zikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake. Kila jioni Honi alikuwa akiigeuza ndoo kifudifudi mlangoni na kuikalia, anatazama njia. Aliyevunja hali hiyo alikuwa shangazi mwenyewe. Hakubembeleza. Alimtuma mtu kwa kaka yake na ujumbe mfupi: "Njooni mchukue mtoto wenu. Hali chakula, na ndoo yangu inapasuka." Wakaja kesho yake.

Jumapili ya pili Meneja aligawa karatasi za barua kwa wazazi. Barua zilikuwa zimeshaandikwa, zimebaki nafasi za majina. "Mpendwa mzazi, mwanao ______ anafurahia sana! Amepata marafiki wapya! Anakula vizuri, analala vizuri!" Mlezi anajaza jina, anatia sahihi, anafunga bahasha. Kazi ya dakika kumi.

Honi alizitazama zile nafasi. Alikotoka, mtoto wa mwenzio hukabidhiwi kama mwavuli. Ukiachiwa, unamrudisha na maelezo: amekula nini, amempiga nani, ameanguka wapi, na lile kovu si lako, alikuja nalo. Mzazi asipopewa maelezo hashukuru, hushuku. Akafikiri kwamba ile sehemu iliyochapwa ni salamu tu, na kwamba barua yenyewe, kama barua zote za watu wenye adabu, inaanza baada ya salamu. Akageuza karatasi upande wa pili, akaandika.

Kwa mzazi mmoja aliandika: "Mwanao ana meno imara, hongera kwa malezi. Nayajua vizuri kwa sababu manne yameacha alama mkononi mwangu. Anauma akishindwa mchezo. Akishinda anauma pia, ila taratibu." Kwa mwingine: "Binti yako anajua matusi mengi kwa umri wake. Nadhani ameyapata garini, maana akiyatoa huwa anashika usukani wa hewa." Kwa wa tatu: "Anaogopa giza lakini ameniomba nisikwambie. Nami nimemwahidi, kwa hiyo usimwambie kwamba nimekwambia."

Barua ya Begi haikuwa na mzaha hata mmoja. "Mwanao hajambo. Kila asubuhi anafunga begi na kukaa getini, kwa sababu mlimwambia wiki moja. Amelia mara tatu, kimyakimya, uso ukutani. Haumwi. Anadhani mmembadilisha na mapacha. Mimi nina wadogo watano, najua anavyofikiri. Njooni."

Akafunga bahasha kumi na mbili, akazitia kwenye kikapu cha posta, akaenda kula viazi visivyo na chumvi.

Simu za ofisini zilianza kulia Alhamisi. Kufikia mchana Meneja alikuwa ameita mara tatu jina la kwenye cheti, na Honi hakuitika kwa sababu hakukumbuka ni lake.

"Umeandika nini nyuma ya barua?" aliuliza Meneja. Tabasamu lilikuwepo, lakini limeegemea upande mmoja, kama picha iliyolegea msumari.

"Habari za watoto."

"Habari zilikuwa mbele!"

"Mbele hapakuwa na habari, mama. Mbele palikuwa na salamu."

Meneja alikaa. Akasema, kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba wazazi hawaleti watoto kambini ili waletewe matatizo nyumbani. Kwamba siku ya wazazi ni Jumamosi. Kwamba Jumamosi hiyo Honi atakaa jikoni, asionekane, na saa kumi jioni gari litampeleka uwanja wa ndege.

Jumamosi. Mwisho wa wiki ya tatu, bila kupungua wala kuzidi. Honi akahisi kama shangazi ameketi juu ya kabati la mafaili, anachezesha miguu.

Siku ilipofika alikuwa jikoni tangu alfajiri, mikono ndani ya sufuria lenye ukubwa wa beseni la kuogea, na begi lake, limeshafungwa, kando ya mlango. Alipoliona limekaa pale, akacheka, kisha akaacha kucheka, akasugua sufuria kwa hasira.

"Utalitoboa," alisema mpishi. "Binti, ulikuwa unatafuta nini katika barua zile?"

"Nilikuwa natoa maelezo tu, mzee."

"Miaka kumi na mmoja niko hapa. Kila mtoto anafurahia sana, anakula vizuri." Akatazama ndoo ya mabaki, iliyojaa viazi hadi ukingoni. "Hata mimi nilishaanza kuamini."

Bwaloni kelele zilikuwa zimeanza. Sauti moja ya kike ilizidi zote, sauti ambayo hata Honi aliiheshimu. "Miaka mitatu namleta hapa! Miaka mitatu mnaniandikia kwamba ni malaika! Nikawa najiuliza, sasa anayening'ata mimi nyumbani ni nani? Nikaenda kwa daktari nikidhani naumwa mimi! Yuko wapi aliyeniandikia ukweli?"

"Ameshughulikiwa," ilisikika sauti ya Meneja.

"Ameshughulikiwa vipi? Mimi nataka nimwulize, huwa anafanyaje mtoto akianza kuuma!"

Wakaingia jikoni watu tisa kwa pamoja, Meneja nyuma yao, filimbi imeruka begani. Si wote waliokuja kwa heri. Baba mmoja alikuja mahususi kusema kwamba yeye hatukani garini, akaligonga sufuria kwa kiwiko, na akatamka neno ambalo Honi alilitambua mara moja, herufi kwa herufi. Wengine wakaanza kuuliza maswali. Honi akajibu mikono ikiwa bado na povu: akiuma, mimi simpigi, namwambia achague, ama aombe radhi ama apake watu wote mafuta ya jua, sasa ndiye mpakaji wangu mkuu. Anayeogopa giza? Nimempa tochi na cheo cha mlinzi wa zamu, analinda hadi usingizi unamkamata kazini.

Kwenye dirisha dogo juu ya sinki lilionekana geti. Begi alikuwa pale, juu ya begi. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye shati lililofungwa vifungo kombo, macho mekundu kama mtu ambaye hajalala wiki tano. Hawakukumbatiana. Yule baba alimwambia kitu, akamsukuma kidogo pembeni, akakaa naye juu ya begi lilelile. Walikaa muda mrefu, wametazama barabara, kana kwamba sasa wote wawili wanamsubiri mtu.

Kisha wakainuka, wakaja hadi mlango wa jikoni. Begi akamwita Honi kwa kidole.

"Barua yako ina kosa," alinong'ona. "Nililia mara mbili. Ya tatu nilikuwa na mafua."

"Samahani. Nitasahihisha."

"Siyo lazima," alisema Begi, akaburuta begi lake hadi kwenye gari. Hakugeuka nyuma. Watoto wanaokwenda nyumbani huwa hawageuki. Honi mwenyewe hakukumbuka kuiaga ile ndoo.

Saa kumi gari la uwanja wa ndege lilifika, likapiga honi, na Honi akaitika kwa mazoea. Meneja akatoka, akazungumza na dereva kwa dakika mbili, gari likaondoka tupu. Hakuomba radhi, kwa sababu uso wake haukuwa na mahali pa kuweka radhi. Alisema tu kwamba kuanzia Jumapili hiyo barua zitakuwa na sehemu mpya ya maelezo, isiyozidi mistari mitatu, na kwamba atazisoma zote kabla hazijafungwa.

"Mitatu haitoshi, mama."

"Minne," alisema Meneja, akarudisha tabasamu mahali pake na kwenda zake.

Kesho yake Honi alichukua simu ofisini. Mama akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mwanangu! Huko bado raha tupu?"

Honi akafungua mdomo atoe salamu zake za kila wiki, akasikia zilivyo: anafurahia sana, amepata marafiki wapya, jaza jina, tia sahihi. Akavuta pumzi, akageuza karatasi. Akasema chakula hakina chumvi. Akasema mbu wamemla, suruali moja imepasuka mfuko wa tano, ameshalia stoo ya maboya akijifanya anahesabu maboya, na jana nusura arudishwe kwa sababu ya mdomo, begi lilikuwa tayari limefungwa.

Upande wa pili cherehani ilikuwa imesimama.

"Mama?"

"Nipo. Na shangazi yako yupo. Nimekuweka kwa sauti kubwa, ingawa wewe huhitaji."

Honi akafumba macho. Akasikia kiti cha wateja kikilia, kisha mtu akikohoa karibu kabisa na simu.

"Jana ilikuwa mwisho wa wiki ya ngapi?" aliuliza shangazi.

"Ya tatu, shangazi."

"Na leo uko wapi?"

"Huku huku."

Shangazi akajigeuzageuza kitini, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumsikia akisema alichosema baada ya hapo, na mama anasema hadi leo kwamba sindano ilimchoma kidole kwa mshtuko.

"Basi nimekosea," alisema. "Kwa siku moja tu, lakini nimekosea. Haya, anza upya hiyo habari ya mbu. Mwanzo sikuisikia vizuri."