Mbodze Anamfukizia Nani Udi?

Tsuma aliuvunja mlango wa nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, rungu mkononi.

Jamani, haya alinihadithia mwenyewe. Mwaka ni 1998.

Tsuma alikuwa askari wa lango katika hoteli moja ya Diani. Mkewe, Mbodze, alibaki kijijini Waa. Wageni walikuwa wameadimika, na ukiomba ruhusa unaambiwa nenda, usirudi. Basi Tsuma akifika kwake mwisho wa mwezi tu.

Asubuhi hiyo jirani yao, Sidi, muuza madafu, alimjia langoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo anafukiza udi asubuhi na jioni, na marashi juu. Mume hayupo. Anamfukizia nani?"

Weh! Pwani hii nani asiyejua udi wa chumbani ni wa mume?

Ruhusa hakuomba. Alirukia baiskeli na sare yake ya kazi, akakanyaga mpaka Waa, njia nzima akimsaka huyo mwanamume kichwani. Ni fundi cherehani? Ni Iddi wa duka?

Mlango umefungwa kwa ndani. Udi unafuka dirishani. Akapiga teke.

"Yuko wapi?"

Akachungulia uvunguni. Hola. Nyuma ya mlango, hola.

Mbodze alikuwa kitandani. Akaifungua leso kifuani.

"Huyu hapa ninayemfukizia."

Titi la kushoto lilikuwa kidonda kitupu. Harufu yake iliushinda udi. Rungu likamponyoka Tsuma.

"Tangu lini?"

"Nilipomwachisha mtoto ziwa. Kiuvimbe kama mbegu ya ubuyu. Wanawake wenzangu wakasema ni maziwa yamelala, nikande kwa maji moto. Nikakanda. Kilipopasuka niliona haya, ukija nakificha kwa leso na udi. Nikahofu utaoa mwingine."

Tsuma alilia, mwanamume mzima.

Daktari wa hospitali ya Msambweni hakuzunguka: saratani, na imeshaingia kwapani. Kisu peke yake hakitoshi. Dawa za mshipa ni Mombasa, mashine ya miale ni Nairobi, na foleni yake ni ndefu. Kazi ya lango ikaishia hapo. Wakahangaika, leo huku kesho kule, wakilala kwa jamaa. Kidonda kilikauka. Ugonjwa ulibaki.

Waliporudi, Tsuma alimwendea Sidi, amefura.

"Ulimsingizia mke wangu mwanamume!"

"Dada yangu alikufa na kidonda hicho. Harufu ile naijua hata chini ya udi. Nilimsihi mkeo aende hospitali, akanifungia mlango. Nikaja kwako mwezi uliotangulia, nikakwambia mkeo hajisikii vizuri. Ulifanya nini?"

Mwezi ule Tsuma alikuwa amempa Sidi vidonge vya maumivu ampelekee Mbodze.

"Ya ugonjwa ulituma vidonge. Ya wivu ulifika kabla ya adhuhuri."

Mbodze alifariki mwaka uliofuata, mumewe kamshika mkono. Mpaka leo Tsuma hajaoa.

Dada, uvimbe haukandwi, unapelekwa hospitali. Nawe kaka, ukiambiwa mkeo hajisikii vizuri, irukie baiskeli vilevile.