Ploti Hii Haiuzwi

Kazi yangu ni kubembeleza makampuni yashirikiane na shirika letu kulinda njia za wanyama hapa Kitengela. Jumanne nilimpeleka Madam Wairimu, mkurugenzi wa kiwanda cha matangi ya maji, akajionee shida yenyewe. Tukakuta pundamilia wamesimama mbele ya ua wa waya, wameduwaa kama wageni waliofika harusini wakakuta geti limefungwa.

Nikapandwa na hasira za kikazi. "Mwenye hii ploti ana tamaa ya fisi," nikamwambia. "Alinunua kwa simu, akatuma binamu yake azungushe waya, na hajawahi kukanyaga hapa." Nilijua, kwa sababu hata mimi yangu niliinunua hivyo hivyo.

"Basi tumbembeleze pia yeye," Madam akasema. Getini palikuwa pameandikwa PLOTI HII HAIUZWI, na chini yake namba ya simu. Akaibonyeza kwenye simu yake, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mbona inaniletea jina lako?"

Kabla sijajibu, kwaya ya kanisa ikaanza kuimba mfukoni mwangu.

"Shika simu," akasema. "Nataka kuongea na huyo fisi."