Maua Saba ya Tikiribanda

Kwa miaka thelathini na mmoja Podimenike aliuza mayungiyungi chini ya mwamba wa hekalu la pangoni, akimkemea kila mteja kwa maneno yale yale: "Usiyanuse! Ni ya Buddha." Ua likishanuswa si sadaka tena, ni makombo. Watu walisema ana mdomo, na kweli alikuwa nao.

Siku mumewe Tikiribanda alipotimiza mwaka kaburini, Podimenike alifunga kibanda, akavaa nguo nyeupe, akachagua maua saba, akaanza kupanda. Kitandani pa mauti marehemu aliomba jambo moja tu: mkewe mwenyewe ampelekee maua pangoni, ili thawabu imfikie. Lakini magoti ya Podimenike yalikwisha kukataa ngazi tangu zamani.

"We mama, unakwenda wapi?" akauliza mzee Somapala, mtunza viatu vya waingiao hekaluni. "Utashushwa kwa machela!"

"Nyamaza, chunga viatu vyako vinavyonuka."

Ngazi ya hamsini aliketi. Ya mia akaketi tena, na hakutaka kuinuka. Watu wakampita, tumbili wakampita. Alichoka hata hasira zikamwisha. Mlangoni mwa pango aliinama apumue, uso ukazama kwenye maua, akavuta pumzi ndefu. Harufu ilikuwa tamu. Ndipo akashtuka.

Hakuna aliyemwona, angeweza kuingia nayo. Lakini hakuwa mtu wa kumdanganya Buddha, sembuse Tikiribanda. Akayaweka kando ya ukuta, akalia, maana alijua magoti yale hayatapanda tena.

Ndani, mbele ya sanamu ndefu ya Buddha aliyelala, mwanamke kijana alishika sinia la maua. Alipomwona mama wa watu mikono mitupu, akamsogezea. Ndivyo wafanyavyo huko: anayeligusa sinia kabla halijatolewa hushiriki thawabu.

"Gusa, mama. Una marehemu wako? Mtaje."

Podimenike akaligusa kwa vidole viwili. Hata vidole vilikuwa vizito.

"Tikiribanda," akasema. "Na Podimenike."

"Podimenike ni nani?"

"Mkewe."

"Maskini! Naye alifariki lini?"

"Hakukawia," akajibu Podimenike. "Mumewe alipoondoka tu."