Firigisi ya Gloria

Siku Gloria alipokuja Ihanda kutambulishwa ukweni, Loisi, mama wa mchumba wake, alimkabidhi kuku wa kutengeneza. Kwao mchumba hupimwa jikoni. Gloria, mwalimu wa sayansi kule Mpemba, alipasua firigisi, akakung'uta vijiwe, akamenya ile ngozi ya njano bila kuichana. Loisi akaridhika.

"Mungu ana mambo," alisema. "Kuku kamnyima meno, kampa mawe ya kusagia."

"Zamani walikuwepo ndege wenye meno, mama," Gloria alijibu kwa upole. "Wakati wa dinosaria. Walishatoweka."

Loisi akachochea moto. Lakini chakula kilipotengwa, akina mama wa jumuiya ya kanisani wakiwa wamekaa mkekani, neno likamponyoka.

"Jamani, mkwe wetu kasoma mpaka kaona kuku mwenye meno. Kuleni taratibu, asije akawauma."

Wakacheka hadi machozi. Gloria akanawa mikono kabla hajashiba.

Jumapili iliyofuata Ezron, mchumba wa Gloria, alimwonyesha mama yake picha kwenye simu: mifupa ya ndege ndani ya jiwe, na mdomoni vijino vyembamba kama ncha za sindano.

"Kumbe alisema kweli," Loisi alinong'ona.

"Ndiyo. Sasa ananiuliza, mama, akiolewa hapa atachekwa kila akifungua kinywa? Nimjibu nini?"

Loisi akamrudishia simu. Yeye ndiye anayewaonya akina mama wenzake kuhusu masengenyo. Jioni ile jumuiyani walipomwomba aongoze sala, alisema kifua kinambana, na kweli kilikuwa kinambana.

Akamwalika Gloria tena, na akina mama walewale. Kumwomba radhi jikoni, wawili tu, aliona ni kujificha. Kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke haili. Siku hiyo Loisi aliiweka kwenye sahani ya Gloria.

Mumewe, mzee Danieli, akachungulia sahani yake. "Mama Ezron, kipande changu kimeruka?"

"Leo kina mwenyewe." Loisi akapiga magoti mkekani. "Mwanangu, nilikufanya mwongo kwa jambo nisilolijua, tena mbele za watu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Gloria akaigawa firigisi, nusu akampa mzee kwa mikono miwili.

"Inuka, mama. Ugali unapoa."

Loisi akainuka, lakini hakuinua macho mpaka wakati wa kuosha vyombo, Gloria alipomfuata jikoni na kumpokea sufuria.